Hewa, Taa na Mizani: Uchimbaji wa Makaa ya Mawe katika Durham na Northumberland

Eneo la makaa ya mawe la kaskazini-mashariki mwa Uingereza linaanzia karibu na mto Coquet, katika kaunti ya Northumberland, likapita bonde la mto Tyne na kuenea hadi kusini mwa kaunti ya Durham, na chini yake yamelaliana matabaka mengi ya makaa yaliyotokana na misitu ya kinamasi iliyofukiwa kwa matope na mchanga takriban miaka milioni 300 iliyopita. Matabaka hayo, ambayo wachimbaji walilipa kila moja jina lake, hayakuwa manene: lile la juu, lililosifiwa kwa makaa ya majumbani, lilikaribia mita mbili karibu na Tyne, ilhali mengine mengi hayakufika hata mita moja, na yote yaliinama taratibu kuelekea mashariki mpaka yakaingia chini ya Bahari ya Kaskazini. Yale yaliyokuwa karibu na kingo za mito ndiyo yaliyoanza kuchimbwa, na shehena zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi London tangu karne ya 13. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 makaa mepesi kufikiwa yalikuwa yamepungua sana, ikawabidi wenye migodi waelekee mashariki na kwenda chini zaidi, na shimo lililoanza kuchimbwa Monkwearmouth mwaka 1826 lilipita kina cha mita 450 kabla ya kulifikia tabaka lililokusudiwa.

Historia ya migodi hiyo imezoeleka kuandikwa kama historia ya uvumbuzi, na uvumbuzi unaotajwa kuliko wote ni taa ya usalama ya mwaka 1815, ambayo vitabu vingi vya shule vimeisifu kuwa ndiyo iliyowaokoa wachimbaji na milipuko. Matukio ya miaka iliyofuata hayaafikiani na maelezo hayo. Taa hiyo, kama itakavyoonekana, iliwaingiza watu mahali ambapo zamani hawakuthubutu kwenda, na kilichopunguza vifo hatimaye kilikuwa ni hewa ya kutosha pamoja na sheria ya kuwalazimisha wenye mali wailipie. Na kama hewa ndiyo iliyoamua nani atarudi nyumbani, mizani ya juu ya shimo ndiyo iliyoamua atarudi na nini.

Kikwazo cha kwanza cha kuchimba kwa kina kilikuwa maji, yaliyovuja kutoka katika miamba na kujaa chini kwa kasi isiyoweza kushindwa na ndoo zilizovutwa kwa farasi. Injini ya mvuke ya Thomas Newcomen, iliyofanya kazi kwa mara ya kwanza mwaka 1712 karibu na mji wa Dudley, katikati mwa Uingereza, ilienea haraka katika bonde la Tyne, na kwa kuwa ilitumia makaa duni yasiyouzika, ulafi wake wa makaa haukumsumbua mwenye mgodi. Tangu hapo pampu hazikusimama usiku wala mchana, kwa kuwa mgodi ambao pampu yake imesimama huzama ukapotea pamoja na vifaa vyote.

Chini ya shimo la wima, kazi ilipangwa kwa mtindo wa vyumba na nguzo, yaani wachimbaji walikata njia sambamba ndani ya tabaka, kila moja ikiwa na upana wa mita nne hivi, kisha wakazikata njia nyingine za kukingama nazo, na makaa yaliyobaki kati ya njia hizo yakaachwa yakiwa nguzo nene za kuubeba mwamba wa juu. Katika karne ya 18 nguzo hizo ziliachwa milele, na sehemu kubwa ya mali ikabaki ardhini. Baadaye mameneja walijifunza kuacha nguzo kubwa zaidi na kuzirudia katika awamu ya pili, wakianzia mbali na kurudi nyuma kuelekea shimoni huku dari ikiachwa iporomoke nyuma yao. Awamu hiyo ya pili ilitoa makaa mengi kwa jasho kidogo, lakini ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi, kwani mapango yaliyoporomoka yaligeuka kuwa maghala ya gesi.

Mkataji, ambaye kwa ujuzi na ujira alikuwa juu ya wafanyakazi wengine wa chini, alianza kazi yake sakafuni. Alilala ubavu, bega likiwa juu ya makaa na sururu fupi mikononi, akachimba mfereji chini ya ukuta wa makaa kwa kina cha karibu mita moja, mara nyingi akiwa amevua nguo zote isipokuwa kaptura kwa sababu ya joto, na akiweka vijiti vya kuegemeza ili ukuta usimwangukie kabla ya wakati. Alipomaliza mfereji wa chini alikata mwingine wa wima upande mmoja, ndipo akauangusha ukuta kwa kabari na nyundo au kwa baruti iliyoshindiliwa katika tundu lililotobolewa juu. Ustadi wake wote ulikuwa katika kuyaangusha makaa yakiwa mapande makubwa, maana mapande ndiyo yaliyopata bei London, na makaa madogo hayakumletea chochote au yalimletea nusu ya malipo. Zamu ya wakataji katika Durham ilikuwa fupi, saa sita au saba tu, lakini zamu moja ya vijana ilizihudumia zamu mbili za wakataji, na kwa sababu hiyo mtoto alikaa chini muda mrefu kuliko baba yake.

Vijana hao waligawanywa kwa umri. Wenye nguvu walisukuma makaa kutoka kwa mkataji hadi njia kuu, kwanza katika matenga ya fito yaliyowekwa juu ya ubao wenye magurudumu, kisha, kuanzia miaka ya 1830 na 1840, katika matoroli yaliyopita juu ya reli na kupandishwa juu ndani ya vizimba vilivyoongozwa na fito zilizowekwa kando ya shimo. Wengine waliongoza farasi wadogo waliozaliwa juu na kuzeekea chini. Wadogo kabisa, wakiwemo wenye umri wa miaka minane na hata chini ya hapo, walikaa gizani nyuma ya milango ya mbao, kazi yao ikiwa ni kuvuta kamba mlango ufunguke toroli lipite, kisha kuuacha ufunge. Kazi hiyo ilihesabiwa kuwa nyepesi na ililipwa kidogo, lakini milango hiyo ndiyo iliyoelekeza hewa katika njia zote za mgodi, na mlango mmoja uliosahaulika wazi ungeweza kuinyima hewa sehemu nzima. Uhai wa watu wazima mamia kadhaa ulitegemea mtoto asisinzie kwa saa 12 au zaidi. Sheria ya mwaka 1842 iliwakataza wanawake wote na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi ardhini. Katika kaunti hizi mbili wanawake walikuwa wamekwisha kuacha kazi za chini tangu mwisho wa karne ya 18, kwa hiyo sheria iliwagusa zaidi watoto.

Makaa yanapokatwa huachia methani, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo hulipuka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa iliyopo, na baada ya mlipuko hubaki kaboni monoksaidi, ambayo iliwaua wengi zaidi ya wale walioungua. Ili kuiondoa methani, mgodi ulihitaji mkondo wa hewa usiokatika. Njia iliyotumiwa ilikuwa ni kuwasha tanuri kubwa chini ya shimo moja, hewa ikapata moto na kupanda, na hewa safi ikavutwa kushuka katika shimo la pili. Pale mwenye mgodi alipobania gharama, shimo lilikuwa moja tu lililogawanywa katikati kwa ukuta wa mbao, nusu ikiingiza hewa na nusu ikiitoa. Kuanzia miaka ya 1760 hewa ilizungushwa katika kila njia ya mgodi, moja baada ya nyingine, safari ya kilomita nyingi iliyoifikisha tanurini ikiwa imebeba gesi yote iliyookotwa njiani. John Buddle, meneja wa mgodi wa Wallsend, aliubadili utaratibu huo mnamo mwaka 1810 kwa kuugawa mkondo katika matawi, kila tawi likahudumia sehemu yake na kurudi. Jina la Buddle halijulikani nje ya mkoa wake, ingawa kwa haki lingestahili kutajwa kabla ya majina ya wavumbuzi wa taa.

Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling, karibu na Gateshead, ulilipuka na kuua watu 92, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Kasisi wa parokia hiyo, John Hodgson, aliandika na kuchapisha habari za msiba huo licha ya desturi ya wenye migodi kutaka mambo kama hayo yanyamaziwe, na mwaka uliofuata ikaundwa jumuiya mjini Sunderland ya kutafuta njia za kuzuia milipuko. Daktari wa mji huo, William Reid Clanny, alikuwa tayari anajaribu taa iliyofungwa. Mwishoni mwa mwaka 1815 taa mbili zilitokea karibu wakati mmoja: moja ya George Stephenson, fundi wa injini wa Killingworth aliyeijaribu ndani ya mgodi Oktoba 1815, na nyingine ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa London, ambayo ilijaribiwa Hebburn Januari 1816. Davy aliuzingira mwali kwa wavu wa waya wenye matundu madogo sana, ambao unaipokonya gesi joto kabla haijatoka nje, hivyo methani iliyoingia huungua ndani ya wavu bila kuwasha ile ya nje. Na zaidi ya hayo, mwali wenyewe ukizungukwa na kiwingu cha buluu humwonya mchimbaji kwamba gesi ipo. Davy alikataa kuisajili hataza, akitaka kila mgodi uitumie bure, na kwa hilo anastahili heshima yake.

Matokeo yalikuwa kinyume cha matarajio. Mameneja walioifunga migodi yao kwa kuogopa gesi waliirudia wakiwa na taa mkononi, wakazichimba nguzo za zamani ambazo mshumaa usingewekwa karibu nazo, na baadhi yao waliona kuwa taa imeondoa haja ya kutumia fedha kuongeza hewa. Mgodi wa Wallsend wa Buddle mwenyewe ulilipuka Juni 1835 na kuua watu 102. Wakataji, kwa upande wao, hawakuipenda taa hiyo kwa kuwa mwanga wake ulikuwa hafifu kuliko wa mshumaa, na mtu anayelipwa kwa wingi wa makaa hawezi kufanya kazi asipoona. Wavu nao ulikuwa na kasoro ambayo Davy alikwisha kuitaja, kwamba mkondo mkali wa hewa huweza kuupuliza mwali ukapenya. Kwa hiyo kadiri mgodi ulivyopewa hewa ya kutosha ndivyo taa ya asili ilivyopungukiwa na usalama. Baada ya mlipuko wa mgodi wa St Hilda, South Shields, mwaka 1839, wakazi wa mji huo waliunda kamati ya uchunguzi, na ripoti yake ya mwaka 1843 ilisema waziwazi kwamba kuitegemea taa ni kosa na kwamba dawa ni mashimo zaidi na hewa zaidi.

Ripoti hiyo haikutekelezwa haraka, wala ile iliyofuata haikupata bahati nzuri zaidi. Mgodi wa Haswell ulipoua watu 95 mwaka 1844, serikali iliwatuma wanasayansi wawili wakubwa wa zama zao, Michael Faraday na Charles Lyell, nao waligundua kuwa vumbi la makaa lililotanda njiani lilikuwa limeungua na kuupa mlipuko nguvu. Ugunduzi huo ulikaa kwenye makabati. Mwaka 1880 watu 164 walikufa Seaham, mwaka 1909 wengine 168 walikufa West Stanley, na katikati ya hapo, mwaka 1906, vumbi la makaa lilisaidia kuua watu 1,099 huko Courrières, Ufaransa. Kunyunyiza unga wa mawe katika njia za mgodi ili vumbi lisishike moto, kinga rahisi isiyohitaji mashine yoyote, kulifanywa lazima Uingereza mwaka 1920, miaka 76 baada ya Faraday na Lyell kuandika.

Kilichoibana serikali kuchukua hatua kwa kasi kilikuwa ajali ambayo haikuhusu mlipuko hata kidogo. Asubuhi ya tarehe 16 Januari 1862, wakati wa kubadilishana zamu, boriti ya chuma cha kusubu ya injini ya pampu katika mgodi wa Hartley, yenye uzito wa tani 42, ilikatika, na nusu yake ikatumbukia katika shimo pekee la mgodi huo, ikivunja ukuta wa mbao uliotenganisha hewa na kuliziba shimo kwa kifusi. Waokoaji walifanya kazi kwa siku sita. Walipofika chini waliwakuta wanaume na wavulana wamekaa kwa safu, wamekufa kwa hewa chafu. Jumla ya waliokufa ilikuwa 204. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge lilipitisha sheria kwamba mgodi wowote uwe na njia mbili za kutokea, sharti ambalo wachimbaji walikuwa wakilililia kwa miaka mingi na wenye mali wakilikataa kwa sababu ya gharama. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860 feni kubwa iliyobuniwa na Théophile Guibal ilianza kuchukua nafasi ya tanuri, na kwa mara ya kwanza meneja aliweza kujua ni hewa kiasi gani itapita, hata kama kuna joto au baridi juu.

Makaa yaliyofika juu yalikutana kwanza na mizani. Kila mkataji alitundika kibati chake ndani ya toroli ili ijulikane ni la nani, na juu alikuwapo msimamizi wa kampuni aliyekagua. Toroli lililokosa uzito au lililokutwa na mawe kupita kiwango liliwekwa kando, mkataji asilipwe hata senti kwa makaa yaliyokuwamo, na mara nyingine akatozwa faini juu yake, ilhali makaa hayohayo yaliuzwa. Mtu aliyefanya kazi gizani, kwa taa isiyoonyesha tofauti ya jiwe na makaa, alihukumiwa mchana asipokuwepo. Hakuwa pia na uhuru wa kuondoka, maana alifungwa na mkataba wa mwaka mzima, na kuuvunja lilikuwa kosa la jinai. Migomo ya mwaka 1831 iliyoongozwa na Thomas Hepburn, ambayo iliwapatia watoto kikomo cha saa 12 kwa siku, pamoja na ule mkubwa wa mwaka 1844 ambapo familia zilitupwa nje ya nyumba za kampuni zikalala kando ya barabara, yote ilikuwa na mizani na mkataba katika madai yake.

Mwaka 1860 sheria iliwaruhusu wachimbaji kuweka mtu wao, mhakiki wa mizani, wa kusimama karibu nayo na kuandika uzito, na sheria ya mwaka 1887 ikamlinda zaidi. Mkataba wa mwaka ulikomeshwa mwaka 1872, miaka mitatu baada ya kuundwa Chama cha Wachimbaji wa Durham. Mhakiki huyo wa mizani alilipwa na wachimbaji wenyewe kwa makato ya ujira, kwa hiyo meneja hakuweza kumfukuza, na kwa kuwa alihitaji kujua hesabu, kusoma na kubishana, wadhifa huo ukawa chuo cha uongozi. Peter Lee, aliyeanza kazi ya mgodini akiwa mtoto na kuwa mhakiki wa mizani, alichaguliwa mwaka 1919 kuwa mwenyekiti wa baraza la kaunti ya Durham, na mji mpya uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ukapewa jina lake. Kulikuwa na desturi nyingine ya haki ambayo wachimbaji waliilinda kwa wivu: kila baada ya miezi mitatu nafasi za kazi zilipigiwa kura, majina na namba za vyumba zikitolewa mbele ya watu wote, ili mahali pabaya penye maji au makaa magumu pasiwe adhabu ya asiyependwa na msimamizi, wala pazuri pasiwe zawadi ya mpambe wake.

Baada ya mizani, toroli lilipinduliwa juu ya chekeche za fito za chuma, mapande makubwa yakateleza hadi mabehewa na madogo yakadondoka chini. Katika karne ya 18 makaa madogo hayakuwa na mnunuzi, yakarundikwa na kuchomwa karibu na shimo, mali ya thamani ikipotea kwa milima. Soko la makaa hayo lilipopatikana, hasa kwa ajili ya koki, yaani makaa yaliyookwa katika matanuri yasiyopata hewa ya kutosha hadi gesi na lami vikatoka, usafishaji nao ukawa kazi ya kiufundi. Kwanza makaa yalipitishwa juu ya mikanda ambako wavulana na wazee walioumizwa chini walichagua mawe kwa mkono. Kisha yalioshwa: maji yaliyosukumwa juu na chini ndani ya sanduku yaliyapeleka makaa juu na kuacha mawe chini, kama mpishi anavyoukosha mchele na kubaki na changarawe kwenye kitako cha sufuria, kwa kuwa makaa safi huwa na uzito wa mara 1.3 hivi wa maji yenye ujazo uleule ilhali mwamba hupita mara mbili. Mjerumani Fritz Baum aliiboresha kazi hiyo mwaka 1892 kwa kuyasukuma maji kwa hewa iliyoshindiliwa, na katika karne ya 20 viwanda viliongeza maji yaliyochanganywa na unga wa madini mazito ya chuma, ambayo makaa huelea juu yake na mawe huzama, pamoja na povu la kunasa makaa laini kama unga.

Uzalishaji wa Uingereza nzima ulifikia kilele cha tani milioni 287 mwaka 1913, zaidi ya milioni 50 kati yake zikitoka katika kaunti hizi mbili. Vyumba na nguzo vilipisha taratibu mtindo wa ukuta mrefu, ambapo makaa hukatwa kwa mstari mmoja wa mamia ya mita na dari huachwa iporomoke nyuma, kwanza kwa mashine za kukata chini ya ukuta na mikanda ya kubebea, na baadaye kwa mitambo inayokwangua na kupakia kwa wakati mmoja chini ya mihimili ya haidroliki inayojisogeza. Migodi ikawa mali ya taifa tarehe 1 Januari 1947. Tarehe 29 Mei 1951, huko Easington, meno ya mashine ya kukata yaligonga jiwe lenye madini ya pairaiti, cheche zikawasha methani, vumbi likaupeleka moto mbali, na watu 83 wakafa, wawili kati yao wakiwa waokoaji; cheche ilikuwa ya zama mpya, lakini gesi na vumbi vilikuwa vilevile vya Felling na Haswell.

Baada ya mgomo wa wachimbaji wa mwaka 1984 hadi 1985 migodi iliyobaki ilifungwa kwa haraka: Easington na Monkwearmouth mwaka 1993, na Ellington, wa mwisho katika Northumberland, mwaka 2005. Pampu zilipozimwa maji yalianza kupanda katika njia za zamani, yakiyeyusha chuma kutoka katika miamba na kutishia mito na vyanzo vya maji ya kunywa, na kwa sababu hiyo vituo vya kuyavuta na kuyasafisha vilijengwa Dawdon na Horden, navyo havina tarehe ya kusimama. Huko Gateshead, karibu na palipokuwa mgodi wa Felling, maji ya mgodi yanayovutwa kutoka kina cha mita 150 hivi yamekuwa yakitumika tangu mwaka 2023 kupasha joto nyumba na ofisi za mji.